Pale Treni Ilipokuwa Ikinyata

Wimbi kubwa la kwanza lilipoubamiza ukuta mpya wa reli, fundi aliyeujenga alibandika kiganja juu ya jiwe lake la mwisho. Halikutikisika.

"Dada, treni hiyo!" mchanganya zege alipaza sauti. "Baba yako huyo!"

Tangu bahari ilipoubomoa ukuta wa zamani na kuacha reli zikining'inia, baba yake, dereva wa treni, alikuwa akifika hapa anashika breki na kunyata kama mwizi. Kibao cha kupunguza mwendo kiling'olewa juzi, lakini mzee habebi abiria kwa maneno ya kibao.

Jana mezani alimuuliza, "Baba, ukuta wangu umeuonaje?"

"Mwanangu, mgema akisifiwa tembo hulitia maji," mzee alijibu, macho kwenye sahani.

Sasa fundi alitega sikio asikie breki zikilia. Vidole vyake vilivyochanika kwa saruji viling'ang'ania jiwe. Wimbi la pili likapanda, likapasuka, likarudi mikono mitupu.

Treni ikapita kwa kasi yake yote, honi ikilia mfululizo, kofia ya mchanganya zege ikapeperuka.

"Huyu mzee hajui kama hapa kuna bahari?"

"Anajua," fundi alisema. "Na anajua nani kaijengea ukuta."