Hema Lisilokauka

Hema dogo la marehemu Alinani lilikuwa bado uani, kama alivyolisimamisha mwenyewe wiki moja kabla ya ajali iliyomuua. Kila asubuhi baba yake, Mzee Ambonisye, alilipapasa akalikuta bichi.

"Hema bichi halikunjwi, Mama Alinani, litaota ukungu. Lakini mvua yenyewe iko wapi?"

"Ni umande, baba."

Siku ya tisa baada ya mazishi aliwahi kuamka, akamkuta mkewe uani na ndoo, akilimwagia hema maji taratibu.

"Mungu anisamehe," mkewe alisema. "Likikunjwa, asubuhi nitamwita wapi aje kunywa chai?"

Mzee alichota maji kwa kata, akazunguka upande wa pili, ambako jua lilikwishaanza kulikausha, akamwaga.