Handaki la Mita

Ukuta wa mtandao uliozingira kila nyumba ya Singida haukupitisha salamu wala habari ya msiba. Ulipitisha hesabu za mita ya umeme tu. Basi Mwajabu akachimba handaki humo humo. Maneno yake aliyavisha kanzu ya hesabu za umeme, yakapita mbele ya Ukuta kwa adabu zote, hadi kwenye mita ya mama yake mgonjwa kule Kondoa.

Mama naye hakukosa mdomo. Akianza soga, mita ya Mwajabu ilipanda mpaka mumewe, Seif, akawa anauliza, "Kwani leo tumepiga pasi nguo za harusi ya nani?"

Jioni hiyo Mwajabu aliinamia mita ya jikoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Seif akatabasamu. Mwajabu hakutabasamu. Tangu azaliwe, mama yake hajawahi kuitikia shikamoo ya kwanza, lazima akuchokoze, "We nani, mwizi?"

"Mama, umekunywa dawa?"

"Nimekunywa. Na nyie humo ndani mko wangapi?"

Seif aliacha kutafuna. Handaki lina midomo miwili, na mmoja ulikuwa jikoni kwao; kama Ukuta umeligundua na kuingilia Kondoa, ungetokea hapa. "Lifunge," akanong'ona.

Mwajabu alishika swichi. Akilifunga halichimbiki tena, na kama mama bado yuko huko, atabaki peke yake.

"Usimsikilize Seif, mwanangu," mita ikasema kwa upole.

Nyuma yao, mlango wa jikoni ukajifunga wenyewe.