Kitabu cha Shani

Siku hizi kila mtoto akianza chekechea hupewa kitabu chake cha picha, na picha zote humwonyesha yeye mwenyewe, kama alivyoamka asubuhi hiyo.

Kitabu cha Shani hakikuficha kitu. Alikuwemo humo akipanda milima na kufuga simba, na kile kishungi cha nywele nyeupe alichozaliwa nacho kiking'aa juu ya paji la uso. Kila ukurasa ulimwambia kwa sauti nyororo, "Shani, unapendeza hivyo hivyo ulivyo."

Mwanamvua, mama yake, alikuwa radhi kukibusu kitabu hicho. Yeye naye alizaliwa na kishungi kama hicho, na bibi yake alikuwa akimpaka masizi ya sufuria kabla hajakwenda shule. Mpaka leo anakipaka kanta nyeusi kukificha. Lakini Shani hajawahi kuzililia nywele zake.

Jumamosi Mwanamvua alimketisha Shani mkekani, akamsuka. Kishungi alikiacha mwisho, akakisuka peke yake, msuko mmoja mweupe, uonekane.

"Umependeza, mwanangu," akasema. Hakuna aliyewahi kumwambia yeye hivyo.

"Ngoja, mama." Shani akafungua kitabu, akakisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka akitabasamu. "Ni kweli, mama. Kimesema."

"Alhamdulillahi," akajibu Mwanamvua, akashika tena kitana, ingawa nywele zilikuwa zimekwisha kusukwa.