Siku Mia na Ishirini

Nilisikia kwanza mlio wa mashine, tik, tik, ikiutikisa mfuko wa damu yangu kando ya kitanda. Nilipofumbua macho, bibi yake Wijdan, mchumba wangu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Unampa nini mjukuu wangu?"

"Damu, bibi. Tangu gari lipinduke inamtoka tu."

"Basi unakuwa kaka yake! Watu wakinyonya ziwa moja hawaoani, sembuse damu? Kama bado unataka kumwoa, ichomoe hiyo sindano. Atatafutiwa mtu mwingine wa kumpa damu."

Mpira wa sindano ulikuwa umelala juu ya mkono wangu, una joto kama mkate uliotoka tanuri. Hilo joto ndilo pekee nililolihisi. Jambia langu lilikuwa kitini, na hasira yangu, ambayo Sanaa nzima inaijua, haikuja.

Muuguzi alicheka. "Mama, hii si maziwa. Chembe nyekundu ni wapagazi tu, wanabeba hewa mwilini. Hawafikishi hata siku mia na ishirini, wanakufa."

"Wote?"

"Wote. Atabaki na damu yake mwenyewe."

Bibi alianza kuhesabu miezi kwa vidole, midomo ikimchezacheza. Alipofika kidole cha nne alinitazama.

Nilikunja ngumi na kuikunjua, nikaikunja tena, mfuko ujae upesi.

"Bibi," nikasema, "siku ya mia na ishirini na moja nitakuja na baba yangu kumposa upya. Mwambie aamke anisubiri."