Sinia la Raya

Raya, aliyehangaika na pilau ile tangu alfajiri, ndiye aliyekuwa wa mwisho kukaa kwenye sinia. Akakuta upande wake hauna nyama wala kiazi, umepangwa matango matupu. Wifi yake, Bishara, alikuwa amezisogeza nyama zote upande wa kaka yake, mume wa Raya.

"Usinune, wifi. Mwili wako mvivu, hauchomi chakula. Amka mapema, unywe maji ya uvuguvugu, upande ngazi, na ukishakula utembee. Utachangamka!"

Mumewe akacheka, mdomo umejaa. "Atatembea saa ngapi? Kazi yake kukaa tu jikoni."

Kukaa! Maji ya pilau hiyo aliyapandisha ghorofani yeye, ndoo baada ya ndoo, wao wamelala fofofo. Raya akachukua tango moja, akalitafuna polepole, akalimeza. Kisha akainuka na sinia zima, akajitwisha.

"We, unakwenda wapi na chakula?" mumewe akafoka.

"Si mmesema nikishakula nitembee?"

Akaanza kushuka ngazi. Nyuma yake mikono yenye mafuta ilibaki hewani. Mbele yake harufu ya pilau ilitangulia, na milango ya majirani ikaanza kufunguka.