Usipokee

Simu ya marehemu mama yake Yeonsil ilitetemeka juu ya friji la kuhifadhia kabichi chachu ya kimchi, ikijisogeza kidogo kidogo mpaka ukingoni. Kwenye kioo paliandikwa: Baba Yeonsil.

Yeonsil akaidaka. "Halo?"

"Aa, mwanangu, mbona umepokea?" Sauti ya baba ilitoka simuni na pia roshanini, alikokaa peke yake karibu na pilipili zilizoanikwa. "Umenikatia wimbo."

"Wimbo gani tena, baba?"

"Ule mama yako aliowawekea wanaompigia. Wa mapenzi, wa taratibu, kama wa enzi zetu. Yeye alikuwa hapokei upesi. Alijua nausikiliza. Haya, kata nipige tena, na safari hii usiguse."

Yeonsil akakata. Asubuhi ile alikuwa amepita dukani kuifunga laini ya mama, maana ya nini kuiacha wazi na mwenyewe hayupo? Mhudumu alimwambia itazimika kabla ya jioni.

Simu ikaanza tena. Aliifumbata kwa viganja viwili kama mtu aliyekamata ndege, akihofia hata kuipumulia. Kule roshanini mzee alikuwa akiufuatisha wimbo kwa sauti ndogo ya kukwaruza. Alifika kwenye kiitikio, akajikohoza, akakipandisha.

Mara mtetemo ukakoma viganjani. Kioo kikaandika: hakuna laini.

Mzee akanyamaza katikati ya neno.

"We Yeonsil! Si nimekwambia usipokee?"