Sahihi ya Mama Kadzo

Siku ya kuwashukuru wafadhili wa chuo, Mama Kadzo, mfagiaji wa mabweni aliyetoa mbuzi wake wawili kuwasomesha wanafunzi maskini, aliitwa mbele kutia sahihi katika kitabu cha wafadhili. Tunu, karani wa michango, alikuwa amemwekea pedi ya wino.

"Bonyeza kidole gumba hapa, mama."

"Hapana, mwanangu. Mwaka mzima nimesoma darasa la jioni. Nataka kuandika."

Nyuma yake tajiri mmoja alikohoa. "Tutalala hapa leo?"

"Nisamehe, mama," Tunu alisema. Akaifunika pedi, akamsogezea kiti.

Mama Kadzo aliketi, akafumba macho, akaomba. Kisha akaandika K. Ukumbi mzima uliingoja herufi ya pili.